Hesabu za Wiki ya Msiba

"Hatukukuaibisha, mama Bupe," mama Gwamaka aliniambia hata kabla sijaketi. "Mlezi hukuwepo, lakini kazi haikulala."

Nilikuwa nimetoka nyumba ya pili kutoa pole, nimelowa chapachapa. Bibi Subilaga, mkongwe wa mtaa wetu, alifariki na kuzikwa nikiwa hospitalini Mbeya, kando ya kitanda cha mwanangu Bupe, ambaye selimundu, ugonjwa wake wa damu, ilikuwa imembana hadi akakosa sauti ya kulia. Kukosa msiba wa jirani si jambo dogo kwetu Tukuyu. Tulipoteremka tu kwenye basi nilimwachia baba yake mtoto, nikabeba mkungu wa ndizi, nikaenda kulia na wafiwa machozi yaliyochelewa. Ndipo mama Gwamaka, jirani yao ukuta kwa ukuta, aliponishika mkono na kunivuta kwake nikauke.

"Kwanza nikupe habari," nikamwambia. "Damu ya Bupe imepimwa. Yuko wa kwanza kwenye foleni. Wiki hii dawa yake inaanza kuhesabiwa."

Alipiga makofi, akanikumbatia na maji yangu yote. "Mungu si Athumani! Nilijua tu. Nilisema hiki kimtoto lazima kicheze ngoma harusini kwa Gwamaka!"

Asiye na mgonjwa anaweza asijue furaha ile ilitoka wapi. Dawa mpya ya damu haitolewi kwa kukadiria, kijiko asubuhi kijiko jioni. Damu ya kila mtoto ina ukaidi wake, na kipimo kinachomponya huyu kinaweza kumlaza yule moja kwa moja. Kwa hiyo kila mtoto anahesabiwa chake, na hesabu yenyewe ni kubwa mno, hakuna hospitali yenye kompyuta ya kuimaliza. Kituo cha Hesabu za Tiba kule Dodoma huikata vipande vipande vinavyogawiwa majumbani, kwenye kompyuta hizihizi zinazotuwashia taa, kutuvutia maji na kutusomeshea watoto. Zikiwa hazina kazi yenu, zinafanya kazi ya mgonjwa msiyemjua. Sisi tunaita kuchanga nguvu.

Na mtaa wetu unasifika kwa kuchanga. Umeme wetu wa maporomoko haukatiki, na baridi yetu, ambayo kila mgeni anailalamikia, inazipoza mashine. Kituo nacho kina utaratibu wake: mtaa usiokosa kuchanga, watoto wake wanatangulizwa. Bupe hakufika mbele kwa kujuana. Majirani ndio waliomfikisha. Mimi walinichagua mlezi wa mashine zao, maana nina mdomo, na kazi yenyewe inataka mdomo: kupita nyumba kwa nyumba ukiwagombeza watu wanaofunika kompyuta kwa vitambaa vya kufuma kana kwamba ni kochi la wageni.

"Haikulala vipi?" nikauliza, nikipokea kikombe cha chai. "Mtaa mzima si ulikuwa matangani? Mashine si mlizima?"

"Tulizima, tungeachaje? Bibi amelazwa pale ndani, halafu mashine zinanguruma na kumulikamulika kama baa? Kila nyumba ilizima, kwa heshima." Alivuta kigoda akakaa karibu yangu, uso umemng'aa. "Lakini tukasema, na Bupe je? Mtaa ukizima wiki nzima foleni inamrudisha nyuma. Mwenzetu yuko hospitalini na mtoto, akirudi tumwambie nini, kwamba tulikuwa tunalia? Tukakusanya kadi."

"Kadi gani?"

"Kadi za nyumba. Za watu wote! Hata yako, baba Bupe alinipa mwenyewe siku aliyokuja kuzika, kabla hajarudi kwenu hospitalini. Lugano fundi akaziunganisha zote kwenye mashine yangu. Yangu ilibaki inawaka kwa sababu jiko la msiba lilikuwa hapa uani, tulihitaji taa na maji. Basi moja ikafanya kazi ya mtaa mzima. Si ndivyo msiba ulivyo? Mwenye nguvu anambebea aliyefiwa."

Kadi ndiyo inayoitambulisha nyumba yako kwa Kituo. Kituo hakioni sura wala mlango, kinaona kadi. Nikageuka taratibu kuitazama ile kompyuta pembeni mwa sebule. Juu yake palikuwa na kamba, na kwenye kamba vitenge vilivyokunjwa viwili viwili, na kimoja kilikuwa bado kinachuruzika maji ukutani.

"Na hizo nguo?"

"Wee! Mvua ya wiki ile ungeiona! Wapishi wanalowa, wanabadilisha, wanalowa tena. Hii ndiyo iliyotuokoa." Aliipapasa mashine kama mtu anavyopapasa ng'ombe wa maziwa. "Ikifanya kazi ya nyumba nyingi inatoa joto zuri, hakuna mfano. Hata vifaranga nilivileta hapa."

Nikaweka mkono. Niliutoa haraka. Kifuniko cha plastiki kilikuwa kimejikunja upande mmoja kama maganda ya karanga, na kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua zamani.

"Na asante imekuja!" mama Gwamaka akaendelea. "Nilisahau kukwambia. Niliisoma matangani mbele ya watu. Mchungaji alikuwepo. Mama Gwamaka mimi, nikasababisha vigelegele msibani!"

Alibonyeza kioo. Maandishi yakatokea, na jani la kijani pembeni, jani ambalo Kituo hukutumia kila hesabu uliyoichangia inapokamilika.

*Ahsanteni. Kipimo kimethibitishwa na nyumba tatu na kimepitishwa. Binti wa miaka sita, kusini mwa nchi, ameanza kumeza dawa.*

Chini yake yalikuwa majina ya nyumba tatu. Ya kwanza ya mama Gwamaka. Ya pili ya wafiwa. Ya tatu ilikuwa yangu.

Kikombe kiliniponyoka. Nilikisikia kikivunjika lakini sikukiangalia.

"Mungu wangu," nikasema. "Mungu wangu, mama Gwamaka, mmefanya nini?"

* * *

Hakunielewa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufoka. Najijua: nikiogopa, napiga kelele.

"Unajua kwa nini kila kipande kinapelekwa nyumba tatu?"

"Ili mmoja akichelewa, wengine wamalize."

"Hapana! Ili mashine moja ikikosea, mbili ziikatae! Ni mashahidi, mama Gwamaka. Hawajuani, hawajaonana, kila mmoja anaulizwa peke yake. Majibu yakilingana ndipo wanaamini. Nyie mmechukua shahidi mmoja, mmembadilisha makoti, mmempeleka mahakamani mara tatu!"

"Lakini huyo mmoja si mwongo," akajitetea, sauti imempungua. "Ni mashine ileile uliyoikagua mwenyewe."

"Niliikagua ikiwa baridi!"

Lugano aliitwa, akaja mbio na suruali imejaa matope. Ni kijana mtu mzima, ana mke na karakana yake, na mtaa wote unamtegemea kwa nyaya. Nilimuuliza swali moja tu: kipande kimoja kilipoletwa kwa kadi tatu, mashine ilikihesabu mara ngapi?

"Mara moja, mama," akajibu, na alivyoniona nimeshangaa akadhani sijaelewa. "Cha pili kikija, inaona kazi imeshafanyika, inatuma jibu lilelile. Kwa nini irudie? Ndiyo maana iliweza nyumba zote."

Kila mlezi anapewa na Kituo hesabu ya kupimia, ambayo jibu lake linajulikana tangu mwanzo, kama vile mwenye duka anavyokuwa na jiwe la kilo la kujaribia mizani. Niliiingiza. Tukasubiri, wote watatu tumesimama, mvua inapiga bati. Jibu likaja.

Halikuwa lenyewe.

"Rudia," Lugano akasema. "Labda umeikatiza."

Nikarudia. Likaja jibu lingine, si la kwanza wala si la kweli. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi haizimiki mara zote. Mara nyingine inaendelea kufanya kazi huku imechanganyikiwa, kama mgonjwa wa homa anayekusimulia mambo kwa uhakika kabisa, anataja na majina ya watu, na hakuna hata moja lililotokea.

Lugano alichomoa waya, akafungua kifuniko. Feni ilikuwa imesimama. Unga wa ugali wa msiba na nyuzi za vitenge vilikuwa vimeshikana humo vikawa donge. Alilitoa kwa vidole, akaliweka mezani mbele yetu, kisha akakaa chini, sakafuni palepale, kwenye vipande vya kikombe.

"Tulitaka kusaidia," akasema. "Mama, haki ya Mungu, tulitaka kusaidia."

Mama Gwamaka alikuwa ameshika khanga mdomoni. "Yule binti," akasema. "Wa miaka sita. Anameza nini sasa?"

Hilo hakuna aliyelijua. Kipimo kingeweza kuwa kidogo mno, kisimfae kitu, akaumwa tu kama alivyokuwa akiumwa. Na kingeweza kuwa kikubwa.

* * *

Mume wangu, Anyosisye, alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, alifunga mlango wa chumba alichokuwemo Bupe.

"Nani mwingine anajua?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Wawili tu."

"Basi wanyamaze." Alisema polepole, kama anayehesabu hatua kwenye giza. "Mama Bupe, nisikilize. Ukipiga simu Kituo, mtaa unafungiwa kuchanga. Hilo halina mjadala, unazijua sheria kuliko mimi. Mtaa ukifungwa, wetu anatupwa mwisho wa foleni. Daktari alisema nini juzi? Alisema mbano mwingine kama ule, hajui kama atauvuka. Alikwambia wewe, si mimi."

"Na yule mwingine?"

"Simuombei mabaya. Siku chache tu. Hesabu ya Bupe ipite, apate dawa yake mkononi, halafu tuseme. Tutasema tu, hatutaficha. Siku chache."

Anyosisye si mtu mbaya. Ndiye aliyemshikilia Bupe miguu usiku kucha wakati mifupa inamuuma, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbovu mpaka manesi wakamcheka. Alikuwa anamtetea mwanawe, na mimi ni mama yake. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikubali kabisa. Niliinuka nikaweka maji jikoni kama mtu aliyeamua jambo, na moyo wangu ulikuwa umetulia, tuli, na utulivu ule ndio ninaouogopa hadi leo.

Bupe akatoka chumbani akijikokota, blanketi mabegani. Ana umri wa miaka minane lakini utamdhania ana mitano. Macho yake ya manjano yalikuwa yamechangamka.

"Mama, yangu wameanza?"

"Bado, mama. Wiki hii."

"Inahesabiwa na nani?"

"Watu wa mbali. Majumbani kwao. Hatuwajui, na wao hawatujui."

Akafikiri. "Ni watu wazuri?"

"Wazuri sana," nikamwambia, bila hata kuwaza. "Watu wazuri kama sisi."

Nilijisikia nikilitamka. Maji yalikuwa yanachemka nyuma yangu na sikuweza kugeuka kuyaepua. Watu wazuri kama sisi. Mahali fulani, Bukoba au Kondoa au sijui wapi, kuna mtaa wa watu wazuri, wanaopendana, wanaobebeana, na labda wiki hii wamefiwa. Labda kuna mama mmoja huko ameshajua kuna kosa, na mumewe amefunga mlango, na wamekubaliana siku chache tu. Na kipande chao kiko njiani kuja kwenye mdomo wa Bupe.

Nilimtazama Anyosisye. Naye alikuwa amesikia. Aliinua mkono kama anayetaka kunizuia, kisha akaushusha, akamwita Bupe aje akae mapajani pake.

Nikachukua simu nikatoka barazani.

* * *

Aliyepokea Dodoma alijitambulisha kuwa bwana Malugu, wa dawati la vipimo. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: msiba, kadi, vitenge, feni.

"Mama," akasema, "hujaniambia jina la mtaa bado. Umenisimulia kisa tu. Ukishanitajia jina naliandika, na nikishaliandika siwezi kulifuta. Naona hapa kuna mtaa wa Tukuyu una mtoto wa kwanza kwenye foleni. Sijui kama ni huo. Sikuulizi."

Alikuwa ananifungulia mlango wa kukimbilia, na alikuwa mstaarabu kiasi cha kutonisukuma. Mungu ambariki na amsamehe.

"Ndio huo," nikasema. "Na mtoto ni wangu. Andika."

Akaandika. Nilikuwa nimesimama nikitazama barabara yetu. Kila nyumba ina taa ndogo ya kijani dirishani, taa ya kuonyesha kwamba inachanga, na watu wa mtaa wetu wanaipenda taa ile, wengine wanapanga maua kuizunguka. Taa ya mama Gwamaka ilikuwa imeshazimwa. Ya wafiwa ikageuka nyekundu. Kisha ya jirani yao. Kisha upande wa pili, moja baada ya nyingine, ikishuka mtelemko wote mpaka kanisani. Watu wakaanza kutoka nje wakiulizana kulikoni. Ya mwisho ilikuwa ya nyumba yangu, nyuma ya bega langu, na nilisikia Bupe ndani akisema, "Baba, taa yetu!"

"Nesi wa kule kwa yule binti nimeshampata," bwana Malugu alirudi hewani, sauti imebadilika, inakimbia. "Ni Nachingwea, vijijini, daraja limezama, gari la wagonjwa linazunguka. Nimempigia mama wa mtoto aache dawa. Hataki."

"Hataki?"

"Anasema mtoto ameacha kulia. Anasema tangu amzae hajawahi kuona amani hii, na sisi tunataka kumnyang'anya dawa tumpe mtoto wa mkubwa fulani. Amenitukana, mama, na siwezi kumlaumu. Anasema kama kweli kuna kosa, aambiwe na aliyelikosea. Nikuunganishe?"

Nilitaka kusema si mimi niliyelikosea, nilikuwa Mbeya. Lakini kadi ilikuwa ya nyumba yangu.

"Niunganishe."

Simu ikalia, ikakwaruza, kisha sauti ya mwanamke, kavu na ya haraka. "Haya, nani wewe?"

"Naitwa Atupele. Nipo Tukuyu. Dawa ya mwanao imehesabiwa nyumbani kwangu."

"Basi ahsante sana, dada. Mungu akulipe. Sasa waambie hao watu wako waniache."

"Mama... mwanao anaitwa nani?"

"Mwanahawa."

"Mwanahawa yuko wapi sasa hivi?"

"Kalala. Ndiyo nakwambia! Zamani hakuwa analala, anajinyonganyonga kitandani, mie nalia na yeye analia. Siku hizi analala hata mchana. Tangu asubuhi kalala. Na mie nimepata kufua."

Tangu asubuhi. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Nilishika nguzo ya baraza.

"Mwamshe."

"Nimwamshie nini? Mtoto hajawahi..."

"Mwamshe, mama! Nakuomba, kwa jina la Mungu, niko hapa, siendi popote, nenda kamwamshe!"

Nilipiga kelele kiasi kwamba majirani waliokuwa barabarani wakanyamaza wote. Simu iliwekwa chini. Nilisikia mlango. Nilisikia akiita kwa sauti ya kawaida ya mama anayemwamsha mtoto, "We Mwanahawa. Mwanahawa, amka unywe uji." Kisha akaita tena. Kisha akaita jina lile kwa namna ambayo sitaki kuisikia tena maishani mwangu, na ukelele ukafuata, na watu wakiingia, na mtu akaikanyaga simu au akaipiga teke, na laini ikakatika.

Bwana Malugu alirudi hewani akirudia tu, "Gari linakaribia, mama. Linakaribia."

* * *

Mtaa ulijaa barazani kwangu. Wengine walikuja na hasira za taa zao, mpaka mama Gwamaka aliposimama mbele yao na kuwaeleza mwenyewe, bila kunitaja, akianza na "Ni mimi." Hakuna aliyerudi nyumbani kula. Lugano alikaa ukingoni mwa baraza, kichwa magotini. Tulikaa vile tulivyokaa wiki ile kwa bibi Subilaga, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi, ila safari hii tulikuwa hatujui kama tumefiwa. Bupe alilala begani kwangu, na kila baada ya muda nilimtikisa afumbue macho, naye akanigombeza, "Mama, acha bwana."

Anyosisye alikuja kukaa kando yangu. Alinishika kidole kimoja, akakishikilia.

Simu ilipolia, niliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Wewe ndiye Atupele?" Ilikuwa sauti ileile, lakini imekwaruzika, imezeeka. Nyuma yake nilisikia vyombo vya hospitali na nesi akiita mtu.

"Ni mimi. Niambie."

Hakuniambia. "Yule bwana kanieleza yote. Hizo kadi. Mashine. Nguo." Nikasubiri matusi. Niliyataka. Nilikuwa nimeyaandalia moyo, na nilikuwa na hakika kwamba hakuna tusi lolote angelitoa ambalo nisingelipokea kwa ahsante. "Kasema mlikuwa na msiba."

"Ndiyo."

"Nani kafariki?"

"Bibi yetu. Bibi wa mtaa."

"Poleni na msiba," akasema.

Pole hiyo ina jibu lake. Kila mtoto wa nchi hii analijua, linatoka lenyewe mdomoni: tumeshapoa. Nilifungua mdomo halikutoka. Mama Gwamaka, aliyekuwa amebandika sikio kwenye simu pamoja nami, alijifunika uso kwa khanga akaanza kulia kwa sauti, yeye ambaye matangani alikuwa ndiye mpishi mkuu na hakupata nafasi ya kulia hata kidogo.

"Na wako?" yule mwanamke akauliza. "Kaniambia nawe una mgonjwa. Wa huuhuu ugonjwa. Kaniambia alikuwa wa kwanza."

"Yupo hapa. Nimempakata."

"Sasa ni wa ngapi?"

"Wa mwisho."

Nilidhani laini imekatika. Nilitazama barabara yetu, giza tupu na nukta nyekundu zikishuka mtelemko, na nikajua kwamba katika mtaa huu mzima, wenye umeme usiokatika na baridi ya bure, hapakuwa na mashine hata moja inayoruhusiwa kumhesabia mwanangu.

"Nyumbani kwetu tuna mashine," Somoe akasema. Jina lake nilikuja kulijua baadaye. "Ya zamani, ina mikwaruzo, lakini inachanga. Jirani kaniuliza saa hizi aizime, maana tumetoka mbio tumeacha nyumba wazi. Nimemwambia asiiguse."

Nikasikia, nyuma yake, sauti nyembamba ya mtoto, yenye usingizi na ukali, ikidai maji.

"Aiache iwake," akasema. "Sisi hatujafiwa."